Shingo ya Gitaa Sio Kabati la Vyombo

Haya wadau, najua nimekuwa kimya wiki mbili. Test mfululizo, halafu juu ya test nilikuwa na kesi ya gitaa. Wanakwaya wenzangu mnaijua nusu ya kesi hiyo. Leo naimalizia nusu iliyobaki, maana Jumamosi kamati inakaa kuamua kama yale magitaa mengine mawili nayo yapelekwe Keko "yakang'arishwe" kabla ya tamasha. Mimi napinga. Na napinga nikiwa na aibu usoni, kwa sababu wazo la kung'arisha lilianza kwangu mimi mwenyewe, wala sio kwa mwenyekiti kama wengine mnavyodhani.

Kwa wasiokuwepo Jumapili ile: ibada ya pili, wimbo wa sadaka, kanisa limejaa hadi nje kwenye turubai. Kuna mahali kwenye ule wimbo natakiwa nitoke chini kabisa ya shingo nipande juu kwa mkupuo mmoja, halafu kwaya nzima inaingia. Nikapanda. Yaani vidole vilipanda, ila gumba likabaki nyuma. Limenasa kama ndege kwenye ulimbo! Nikafika juu nimechelewa, noti imekosewa, sauti ya kwanza wameingia peke yao, sauti ya pili wananiangalia mimi. Mzee mmoja wa mbele akatikisa kichwa kabisa. Nilimaliza wimbo kwa kupiga kodi tatu tu za chini, mkono haujasogea tena.

Basi, twende nyuma kidogo.

Gitaa hili ni la mjomba wangu, mdogo wake mama, anakaa Mtoni kwa Aziz Ali. Kaniazima tangu nimeanza mwaka wa kwanza hapa Chang'ombe. Jina lililokuwa kwenye kichwa limeshafutika, tunahisi ni la Kijapani. Kwa muda mrefu shingo yake kwa nyuma ilikuwa inanata. Sio uchafu, maana nilikuwa naifuta kila siku. Unafuta, inakauka, ukipiga nyimbo mbili mkono ukapata joto, inaanza tena. Na ilikuwa imebanduka banduka, vipande vya rangi ya chai ya rangi, ukikwaruza na ukucha vinatoka laini kama nta. Nimejaribu poda ya watoto (mnacheka, lakini wapiga gitaa wengi wanaifanya). Inasaidia wimbo mmoja na nusu, halafu inageuka uji.

Hapo ndipo nikasimama kwenye kikao nikasema tuchange tulipeleke kwa fundi. Mkachanga elfu hamsini. Mpaka leo ninayo ile karatasi ya majina, kuna mtu alitoa mia tano na najua siku hiyo alirudi kwao kwa miguu. Nikavuka barabara mpaka Keko, kwa mafundi wa fanicha. Fundi akaniuliza swali moja: "Unataka iweje?" Nikamjibu: "Ing'ae." Akapiga msasa kidogo, akapuliza vanishi mikono mitatu, ikang'aa kweli. Niliporudi nayo mlipiga makofi. Naomba nilisisitize hili kwa sababu kuna waliokuwa wanataka kwenda kumdai fundi: fundi hana kosa. Alifanya nilichomwambia. Mimi ndiye niliyempelekea shingo ya gitaa kama mtu anayepeleka kabati la vyombo.

Baada ya ile Jumapili nikaona nisifiche, nikalibeba nikaenda nalo Mtoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Lete nilione."

Akalipokea, akalipakata, akapitisha gumba nyuma ya shingo mara moja tu. Akanusa kidole.

"Umelipaka nini?"

"Vanishi, mjomba. Kuna fundi Keko..."

"Fundi wa nini?"

"Wa makabati."

Akanyamaza muda. Halafu akauliza: "Sasa humu tunaweka sahani wapi?"

Shangazi jikoni alicheka mpaka akaacha kukuna nazi. Mimi sikucheka.

Ili muelewe uchungu wa mzee inabidi mjue mambo ya vyombo vya zamani. Sisi leo gitaa tunaona ni mali ya mtu. Zamani bendi kubwa za hapa mjini zilikuwa za mashirika, na vyombo vilikuwa vya shirika. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ya 1971 ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ikaja kuchukuliwa na DDC mwaka 1983. UDA walikuwa na bendi yao, Shirika la Bima na bendi yao, Polisi, JKT, Magereza, kila mtu na bendi yake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Ukihamia bendi nyingine unaondoka na sauti yako na mikono yako, gitaa unaliacha kwenye stoo. Mjomba alipiga ridhim miaka kumi na moja kwenye magitaa ambayo sio yake. Hili alilinunua 1993, bendi yake ilipovunjika na vyombo vikauzwa kwa bei ya kutupa. Ndio gitaa la kwanza maishani mwake aliloweza kulala nalo ndani. Mimi nimelipeleka kwa fundi bila hata kumpigia simu.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Nimelisoma wiki nzima kuliko nilivyosoma kwa ajili ya test, matokeo yatasema.

Vanishi zinakauka kwa njia tofauti, na hapo ndipo kila kitu kinapoanzia. Kuna ile inayokauka kwa thina kupotea hewani tu. Thina ikishapotea, kinachobaki juu ya mti ni ngozi nyembamba. Naitroselulosi ni ya kundi hili. Ndiyo waliyokuwa wanatumia Fender na Gibson miaka ya 1950, na Fender walichukua hata rangi za magari za aina hiyo hiyo wakapaka magitaa. Gibson wanaitumia mpaka leo. Halafu kuna zile ambazo vitu vyake vinaungana vyenyewe kwa vyenyewe vikawa kitu kipya, kama poliuretani na poliesta. Tofauti yake ni kama ya chumvi na ugali. Chumvi iliyokauka ukiimwagia maji inayeyuka tena. Ugali ukishaiva, hata umwage ndoo, haurudi kuwa unga.

Kwa hiyo vanishi ya aina ya kwanza haijawahi kuwa salama kabisa na mkono wa mtu. Jasho, mafuta ya ngozi, joto la mkono, saa mbili kila siku kwa miaka, vyote vinailainisha taratibu. Hata stendi za gitaa zenye mpira au sponji zinaweza kuiyeyusha pale gitaa linapoegemea. Ndiyo maana nyuma ya shingo inanata wakati kichwani pako salama: kichwani hapashikwi.

Ukishaelewa hilo, angalia nilichofanya Keko. Nimechukua kitu kilicholainika na kulowana mafuta ya vidole, nikaweka vanishi mpya juu yake. Mpya haiwezi kushika juu ya mafuta. Na thina iliyomo ndani yake ikailainisha zaidi ya zamani iliyo chini, halafu ikaifunika. Kwa nje inang'aa, kwa ndani ni mbichi. Kwenye kabati hilo lingepita. Mlango wa kabati haukumbatiwi na mkono wenye jasho mbele ya watu mia tano, mwezi wa tatu, feni ya kanisa imeharibika.

Halafu hata mng'ao wenyewe ni adui. Ngozi yenye jasho kwenye kitu laini kama kioo inagusa kila mahali, kwa hiyo inagandia. Ikikwaruzwa kidogo ikafifia inagusa sehemu chache tu, mkono unateleza. Jaribuni kusukuma kiganja chenye jasho kwenye kioo cha daladala, halafu msukume kwenye meza ya mbao ya maktaba. Mimi niliomba ing'ae pale pale ambapo hakuna anayepaona isipokuwa kiganja changu!

Mjomba alinirudishia gitaa akasema neno moja: "Vua." Akimaanisha nivue nilichokivika.

Nimefungua skrubu nne zinazoshika shingo na mwili. Pale kwenye kisigino cha shingo, sehemu inayojificha ndani ya mwili, ndipo unapofanyia majaribio, hapaonekani hata ukiharibu. Pamba, thina kidogo, unagusa, unahesabu mpaka kumi, unafuta. Vanishi ikilainika na kutoka na pamba, ni ya aina ya chumvi. Isipotoka, ni ya aina ya ugali, na hapo unaacha kabisa habari za thina.

Yangu ilitoka. Ya Keko ilitoka kwanza, nyeupe. Chini yake ikatoka nyingine, ile ya rangi ya chai, inavutika kama bazoka. Nikajua nimefika kwenye mti. Wapi. Pamba ikaanza kurudi safi, nikaona chini kuna ngozi nyingine tena, ngumu, nyembamba, inang'aa kwa mbali, na thina haiifanyi kitu.

Jamani, ile ya rangi ya chai haikuwa ya kiwandani! Miaka yote hii nilidhani gitaa limechakaa kutoka asili yake, kumbe lililochakaa lilikuwa koti alilovalishwa na mtu. Gitaa lenyewe lilikuwa zima ndani.

Kazi ilinichukua jioni tatu. Nilifanyia uani, sio geto, maana mwenzangu anapikia ndani kwa jiko la umeme, na mvuke wa thina ukikutana na koili nyekundu mtasoma habari zetu kwenye gazeti. Nilikuwa nafuta kidogo kidogo, kilicholainika nakikwangua kwa kitambulisho cha zamani, sio kwa kisu. Nilihakikisha thina haigusi plastiki yoyote, wala vile vidoti vyeupe vya pembeni, maana plastiki za namna hiyo zinaweza kuyeyuka. Ubao wa vidole sikuugusa kabisa. Wangu ni wa kahawia nzito, mti wa ukoo mmoja na mpingo, na miti ya ukoo huo kwa kawaida haipakwi vanishi, ina mafuta yake na ni migumu. (Nikitoka nje ya mada kidogo: mpingo wenyewe wa Kilwa na Lindi unapanda meli kwenda Ulaya kuwa klarineti na obo, na sisi wa Temeke tunaujua kama kinyago cha Mwenge. Hilo nitaliandikia siku nyingine.)

Nilipofika katikati ya shingo, karibu na freti ya tano, pamba ikakwama. Hapo hata ile ngozi ya kiwandani haikuwepo. Kuna kidoa cha mti mtupu, kirefu kama punje ya tende, kimelainika kama kitasa cha mlango wa zamani. Nikaweka gumba langu. Lilikaa, ila kwa kupinda kidogo, kwa sababu mkono uliokitengeneza ni mkubwa kuliko wangu.

Sasa naomba niseme maoni yangu kwa kamati, waziwazi.

Kwanza, yale magitaa mawili yasiende Keko wala kokote kabla hatujayafanyia jaribio la pamba kisiginoni. Hatujui yamepakwa nini. Ukipaka kitu juu ya kitu usichokijua, unanunua tatizo kwa pesa za watu, na pesa zenyewe ni za michango, kuna watu wanakatia kwenye boom.

Pili, mwenyekiti alisema chombo cha madhabahuni kinatakiwa kipendeze. Sawa kabisa, naunga mkono. Mwili wa gitaa ndio unaoonekana na waumini, mkitaka upakeni hata dhahabu, na mafundi wa Keko hapo hawana mpinzani. Wanajua mambo ambayo mimi sikuyajua, kwa mfano kwamba ukipuliza vanishi ya thina mvua ikiwa imetanda, unyevu unaingia na inatoka na ukungu mweupe, kwa hiyo wanangoja jua. Ila nyuma ya shingo tuwaachie wanaoishika. Hapo ni pa mkono.

Tatu, kuna kundi la pili, hasa wale vijana wa besi, wanaosema basi tukwangue yote tuache mti mtupu, eti wakubwa wanafanya hivyo. Ni kweli Eddie Van Halen alipenda shingo isiyo na vanishi. Lakini mti mtupu unakunywa unyevu na kuutoa. Hapa kwetu kuanzia Machi hadi Mei masika inamwaga, na chumba chetu cha vyombo kinavuja mnajua wenyewe. Shingo itacheza, nyuzi zitapanda, kila wiki tutakuwa tunaikaza. Vanishi ina kazi yake, haikuwekwa kwa urembo tu. Tuilainishe ile nzima iliyopo kwa msasa mwembamba, namba 600 na kuendelea, ipoteze kioo, basi. Stili waya ya kusugulia masufuria hapana, inakwaruza vibaya, na vumbi lake la chuma linarukia sumaku za pikapu halitoki tena. Mkipata sufi ya chuma ile laini kabisa ya sifuri nne, zibeni pikapu kwa selotepu kwanza.

Pale kwenye kidoa cha mti mtupu nimepaka mafuta ya kitani, tone tatu, nikafuta yote, nikaacha siku mbili, nikarudia. Halafu kile kitambaa usikikunje ukakitupa kwenye kona! Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze uani mpaka kikakamae. Hili nawaambia kwa herufi kubwa moyoni.

Kuna aliyeniambia kidoa kile kinatia aibu, nikizibe kwa futi ya mbao. Nikamwonyesha picha ya gitaa la Rory Gallagher wa Ireland, Fender ya mwaka 1961, jasho lake lilikula rangi karibu yote ikabaki mbao. Mwaka 2024 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 700,000. Na Fender wenyewe tangu miaka ya 1990 wanauza magitaa mapya waliyoyachubua makusudi kiwandani, na ni ghali kuliko yasiyochubuliwa. Wenzetu wanalipia mchubuko wa bandia. Sisi tunao wa kweli, tukachanga elfu hamsini kuufunika.

Juzi nimerudi Mtoni. Mzee alikuwa amekaa barazani na redio yake. Nikamkabidhi, hakusema kitu, akapakata, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe. Siku hizi vidole vyake vinatetemeka, hapigi tena hadharani. Lakini gumba lilikwenda likatua kwenye kile kidoa bila kutafuta. Akapiga ridhim moja ya taratibu, bila spika, ukiwa mbali husikii.

Nikamuuliza: "Mjomba, hivi ile vanishi ya zamani, ya rangi ya chai, nani aliipaka?"

Akaendelea kupiga. Shangazi ndiye aliyejibu kutoka ndani: "Si yeye huyo! Tisini na saba, walikodiwa harusi moja kubwa ya Kinondoni. Akaona aibu kwenda na gitaa limechubuka."

Mzee akasema, "Harusi ilikuwa na wakubwa, bwana," akageuza shingo kuangalia upande mwingine.

Kikao ni Jumamosi saa nane mchana, chumba cha vyombo. Nitakuja na gitaa, na ile karatasi ya michango, na pamba. Thina italetwa na mweka hazina kama atakubali risiti. Asiyeniamini nitampa alishike mwenyewe apande nalo mpaka juu. Ila mnawe mikono kwanza, hasa mnaotoka kula mihogo ya kukaanga pale getini.